ADUI WA BARABARA YETU

Kama wewe ni mmoja wetu tunaotoka ng'ambo ya mto, basi wajua hali inavyokuwa mwezi wa Aprili. Viatu hubebwa mkononi, matatu hugeukia sokoni, na mwenye pikipiki huitisha nauli maradufu. Tukifika shuleni tumechelewa, mwalimu wa zamu hutuuliza, "Leo tena ni barabara?" Naam, ni barabara. Nia ya makala haya si kutafuta kisingizio. Ni kueleza kwa nini barabara ile ile hutengenezwa karibu kila mwaka na kila mwaka ikaharibika.

Wengi husema ni malori ya mawe. Malori yana lawama yake, sikatai. Lakini adui mkubwa wa barabara ya changarawe, au muramu kama tunavyoiita, ni maji. Barabara nzuri ya namna hii hutengenezwa ikiwa na mgongo. Kwa kila mita moja kutoka katikati, hushuka kama sentimita 5, ili tone la mvua likidondoka liteleze mpaka mtaroni. Mgongo ukilala, maji hutuama katikati, udongo hulainika, gurudumu la kwanza hutoboa shimo na la pili hulipanua. Kwenye mteremko ni balaa zaidi. Maji hufuata njia ya magurudumu, huichimba, na mwishowe barabara yenyewe ndiyo huwa mtaro.

Hapo ndipo greda inapoingia. Kumbe kazi yake si kulainisha tu! Hukwangua changarawe iliyosukumwa kando na kuirudisha katikati, ili mgongo uinuke tena. Wakati mzuri wa kufanya hivyo ni mvua inapomalizika, udongo ungali na unyevunyevu, ndipo ushikane ukishindiliwa. Ikipita wakati wa kiangazi bila lori la maji na bila rola, inachoacha nyuma ni vumbi. Kwetu mwaka jana ilipita siku chache kabla ya mvua. Watoto waliifuata wakishangilia, na hata mimi nilikuwemo, ingawa ni aibu kwa mtu wa kidato cha pili. Kabla ya mwezi kwisha, changarawe ile ilikuwa imelala kwenye mahindi ya watu.

Sasa tuje kwenye mitaro, maana hapa pana siri. Mtaro wa kando ya barabara hauwezi kubeba maji ya mlima mzima. Kila baada ya hatua kadhaa huchimbwa mfereji wa pembeni wa kuyatoa, na kwingine huwekwa kalvati, yale mabomba makubwa ya saruji, yapite chini kwenda upande wa pili. Lakini yatolewe yaende wapi? Yaende shambani mwa mtu! Mwenye shamba naye akiona maji yanabeba mbolea yake, huchukua jembe usiku akaziba mfereji. Maji yakikosa njia hurudi barabarani. Nasema haya bila kumtaja mtu, ila mmoja wa hao wazibaji ni baba yangu mdogo.

Zamani jambo hili liliangaliwa kwa njia rahisi. Mwaka wa 1974 serikali ilianzisha mpango wa barabara za mashambani, zilizojengwa na wenyeji kwa majembe na makarai. Baada ya ujenzi, mtu aliyeishi karibu alipewa kipande cha kilomita moja unusu au mbili, alipwe kwa kufyeka nyasi, kuzibua mitaro na kuziba mashimo madogo. Mtu na koleo lake! Shimo la leo lilizibwa kesho, halikungoja greda ya mwakani.

Je, pesa hutoka wapi? Hutoka kwako. Sheria ya mwaka wa 1993 iliweka ushuru wa kutunza barabara juu ya petroli na dizeli, na tangu Julai 2024 ushuru huo ni shilingi 25 kwa kila lita. Pikipiki ikitiwa lita mbili, shilingi 50 zimekwenda, na mwenye pikipiki huzitoa katika nauli yako. Anayetembea kwa miguu naye hulipa akinunua sukari iliyoletwa na lori. Kuhusu nani azitumie, hilo limezua ubishi. Katiba ya 2010 ilizipa kaunti barabara za kaunti, nayo sheria ya 2007 ilikuwa imeunda mamlaka ya kitaifa ya barabara za mashambani. Magavana na wabunge wamevutana juu ya pesa hizo hadi mahakamani. Mwananchi akiuliza, huyu humwelekeza kwa yule.

Lakini kuna jambo nililojifunza juzi ambalo lilinishangaza. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai. Mpango wa maendeleo wa kaunti kwa mwaka huo hutakiwa ufikishwe katika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba ya mwaka uliotangulia, yaani miezi kumi mapema. Makadirio ya bajeti nayo hupelekwa kufikia tarehe 30 Aprili. Sisi hupiga kelele lini? Aprili, tukiwa na matope magotini! Wakati huo orodha imekwisha andikwa. Na Agosti, wananchi wanapoitwa kutoa maoni, barabara huwa imekauka, magari yanapita, kila mtu yuko shambani kwake.

Wiki iliyopita nilimweleza baba mdogo haya yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia atauzibua ule mfereji siku watakapomchimbia njia ya kuyafikisha maji mtoni, kwa sababu shamba la robo eka haliwezi kunywa mvua ya kijiji kizima. Nilikosa jibu. Nimemwomba Agosti twende pamoja kwenye mkutano akayaseme hayo huko, naye amesema atafikiria.