Nyumba Kuukuu Yaweza Kuwa Mpya: Habari za Bwana na Bibi Larsson

Wanachama wetu wengi hukaa katika nyumba za kurithi. Babu alijenga, baba akaongeza ukumbi, na leo mjukuu yuko barazani akitazama ukuta uliopasuka na kujiuliza: nibomoe au nitengeneze? Swali hili huja hasa baada ya msimu mkubwa wa karafuu, maana ndipo mtu anapokuwa na fedha mkononi. Wengine hujibu kwa haraka, wakabomoa. Fedha huisha kabla paa halijapanda, na mwaka wa pili, mikarafuu ikiwa imepumzika, watoto hulala kwa jirani wakingojea mabati.

Kwa sababu hiyo tumeona yafaa kuwaeleza wanachama habari za mume na mke waliopata nyumba kuukuu wasiibomoe, bali wakaitengeneza kwa mikono yao, kidogo kidogo, hata ikawa nyumba inayojulikana duniani. Watu hao walikaa mbali sana na mikarafuu, katika nchi ya Uswidi, kaskazini ya Ulaya, ambako theluji hufunika ardhi wakati wa baridi. Lakini shida yao ilikuwa kama yetu, na tunadhani njia waliyoifuata yatufaa.

Bwana Carl Larsson alizaliwa Stockholm mwaka 1853 katika ufukara mkubwa. Mama yake alikuwa akifua nguo za watu ili kulisha watoto. Kijana huyo alikuwa na kipaji cha kuchora, akapata kuingia skuli ya sanaa. Bibi Karin Bergöö alizaliwa mwaka 1859, binti wa mfanyabiashara, na yeye pia alisomea uchoraji Stockholm. Walikutana Ufaransa mwaka 1882, katika kijiji cha Grez-sur-Loing, ambako wachoraji wengi wa Uswidi walikuwa wakikaa. Mwaka uliofuata wakaoana.

Mwaka 1888 baba yake Karin, Mzee Adolf Bergöö, aliwapa nyumba ndogo katika kijiji cha Sundborn, karibu na mji wa Falun. Nyumba yenyewe ikiitwa Lilla Hyttnäs. Ilijengwa kwa magogo mwaka 1837, na kabla yao walikaa humo wazee wa kike wa ukoo. Si nyumba ya fahari. Ilikuwa ndogo, vyumba vyake vichache, na mtindo wake wa zamani. Desturi ya nyumba za watu wenye uwezo huko Ulaya katika zama hizo ilikuwa mapazia mazito, rangi za giza, na sebule iliyojaa vyombo vya kutazamwa na wageni tu, watoto wasiguse.

Bwana na Bibi Larsson hawakuwa na fedha za kujenga upya. Bwana alikuwa akifundisha uchoraji katika mji wa Gothenburg, na kijijini walikuja wakati wa kiangazi. Basi wakafanya kazi kwa kadiri ya uwezo wa kila mwaka. Mwaka 1890 waliongeza chumba cha kuchorea. Kilipokuwa hakitoshi tena, walijenga kingine kikubwa zaidi kati ya mwaka 1899 na 1900, na kile cha kwanza hawakukitupa: kikawa chumba cha kazi cha Bibi na watoto, kwa kufuma, kushona na useremala mdogo. Mwaka 1901 wakahamia moja kwa moja. Hesabu yake ni miaka 13 tangu walipopewa ufunguo hata kukaa humo mwaka mzima.

Kazi nzito za ujenzi walisaidiwa na mafundi wa kijijini. Lakini kufikiri, kupima, kuchagua rangi, kupaka, kufuma na kushona kulikuwa kwao wenyewe. Chumba cha kulia walikipaka nyekundu na kijani, rangi ambazo jirani yeyote angeogopa kuziweka pamoja. Viti kuukuu ambavyo wengine wangevitia motoni walivipaka rangi, vikawa kama vipya. Bwana alichora picha za watu wa nyumbani juu ya mbao za milango, na juu ya mlango wa mbele akaandika maneno ya kumkaribisha mgeni kwake na kwa mkewe. Dirishani Bibi hakutundika pazia zito. Aliweka vyungu vya maua, jua likapita katikati ya majani likaingia ndani. Katika nchi ambayo wakati wa baridi jua huonekana saa chache tu kwa siku, hilo halikuwa jambo dogo.

Rangi ya nje nayo ina somo. Nyumba ilipakwa nyekundu ileile iliyopakwa nyumba za wakulima wa jimbo hilo la Dalarna. Falun palikuwa na mgodi mkubwa wa shaba, ambao ulifungwa mwaka 1992, na katika udongo uliobaki baada ya kutolewa shaba ndimo rangi hiyo hupatikana. Huchemshwa kwa maji na unga wa nafaka, na huweza kutiwa mafuta ya kitani. Huhifadhi mbao na kuziacha zipumue. Hivyo Bwana Larsson, ambaye alikwisha kuona Paris na fahari zake, hakuagiza rangi ya Paris. Alipaka rangi ya kijijini kwake.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo twataka wanachama walizingatie zaidi kuliko rangi na viti.

Bibi Karin alikuwa mchoraji aliyesoma sawasawa. Baada ya kuolewa na kuanza kulea, aliweka brashi chini. Walizaliwa watoto wanane. Mmoja alifariki mchanga, na mwingine, Ulf, alifariki mwaka 1905 akiwa na miaka 18. Mama mwenye nyumba kubwa namna hiyo hakuwa na saa ya kukaa mbele ya picha. Lakini ujuzi wake haukupotea. Aliutia katika nyumba. Alibuni samani na kuwapa maseremala wa kijijini wazitengeneze. Alifuma vitambaa vya ukutani, na kimoja, alichokifuma mwaka 1903 kwa chumba cha kulia, kilikuwa na habari ya moto, maji, hewa na ardhi. Kati ya chumba chake na cha mumewe alitundika pazia alilolifuma mwenyewe, lenye ua la waridi. Hata nguo zake na za watoto alizibuni pana, za kufanyia kazi na kuchezea, wakati wanawake wengine wa Ulaya walikuwa bado wakijibana viuno.

Husimuliwa kwamba mwaka 1894 mvua ilinyesha kiangazi kizima, Bwana akawa hana raha, na Bibi akamwambia aichore nyumba yao, chumba kwa chumba. Picha hizo za rangi za maji zilionyeshwa Stockholm mwaka 1897, na mwaka 1899 picha 24 zikatolewa katika kitabu kilichoitwa *Ett hem*, yaani “Nyumba” au “Maskani”. Mwaka 1909 kikatoka kitabu kwa Kijerumani kilichonunuliwa kwa maelfu. Watu wa nchi mbalimbali wakaanza kuiga nyumba ile: vyumba vyenye mwanga, samani nyepesi, mahali ambapo mtoto ni mwenyeji wala si mgeni.

Na sifa zilikwenda kwa nani? Zilikwenda kwa Bwana. Jina lililokuwa juu ya kitabu lilikuwa lake. Watu walimjua Bibi Karin kama mwanamke aliye ndani ya picha, akimwagilia maua au akishona, wala hawakujua kwamba kitambaa kilichochorwa, kiti kilichochorwa, na nguo iliyochorwa vilitoka katika mikono yake. Bwana alifariki mwaka 1919 na Bibi mwaka 1928. Mwaka 1997 makumbusho ya Victoria and Albert ya London yalifanya maonyesho makubwa juu ya nyumba hiyo, na safari hii majina yaliandikwa yote mawili, Carl na Karin. Ilikuwa imepita miaka 69 tangu Bibi azikwe.

Sisi wakulima wa karafuu hatuwezi kuwacheka watu wa Uswidi kwa hilo. Tazameni mashamba yetu. Karafuu ikichumwa, nani hukaa usiku kuichambua, akitenga karafuu na makonyo? Nani huanika jamvini asubuhi, na wingu likitanda hukimbia kuanua? Aghalabu ni mama wa nyumbani na binti zake. Gunia likifika kituoni huandikwa jina la Bwana. Na fedha zikija, nyumba inapotengenezwa, Bwana hukaa na fundi barazani wakapanga mambo, na yule atakayepika katika jiko hilo miaka 30 haulizwi hata dirisha liwe upande gani. Kisha jiko hujengwa penye moshi, na kisima huwa mbali. Nyumba ya Sundborn ilipendeza kwa kuwa ilipangwa na watu wawili. Tunasema wazi kwamba fundi peke yake hawezi kuileta nyumba ya namna hiyo, hata alipwe nini.

Basi, kwa mwanachama anayetaka kutengeneza nyumba ya zamani, tunayo maneno manne.

Kwanza, anzeni na paa. Nyumba yenye paa zima hungojea. Nyumba inayovuja haingojei. Rangi na milango ya nakshi ni mambo ya baadaye.

Pili, jueni nyumba yenu imejengwa kwa nini. Kuta za zamani za mawe ya matumbawe na udongo zilipigwa lipu ya chokaa, na chokaa huruhusu unyevu kutoka. Wengi wetu huona lipu imebanduka tukaipiga saruji, tukidhani tumeimarisha. Saruji huufungia unyevu ndani ya ukuta. Ukuta hulainika, na vichwa vya boriti vilivyomo ukutani huoza bila mtu kuona. Ukuta wa chokaa utengenezwe kwa chokaa, nayo iwe imelowekwa ikaiva. Kama watu wa Dalarna walivyo na udongo wao mwekundu, sisi tuna chokaa yetu.

Tatu, gawanyeni kazi kwa misimu. Msimu mkubwa fanyeni lililo zito, kama paa au ukuta. Msimu mdogo fanyeni la mikono, kama kupaka chokaa, kusugua milango na kutengeneza viti. Haba na haba hujaza kibaba. Kila hatua iishe kabla ya kuanza nyingine, ili mwaka mbaya ukija usiwakute nje.

Nne, pangeni wawili. Kabla fundi hajaitwa, mume na mke wakae na karatasi, kila mmoja aseme kinachomsumbua katika nyumba ile tangu alfajiri hata usiku. Maji yatoka wapi? Moshi waenda wapi? Watoto wasome wapi? Karafuu zihifadhiwe wapi zisipate unyevu? Karatasi hiyo haina gharama, na huokoa fedha nyingi.

Huenda mwanachama akasema: hao walikuwa wasanii, tena walipewa nyumba na mkwe. Ni kweli. Lakini nyumba waliyopewa ilikuwa ndogo na ya kale, na wengi kati yetu tumepewa kama hiyo na babu zetu. Na sanaa yao kubwa ilikuwa kutazama. Walitazama pale walipo na vile walivyonavyo, ndipo wakaanza kazi. Kutazama hakuhitaji chuo.

Nyumba ya Lilla Hyttnäs ingali imesimama. Wazao wa Bwana na Bibi Larsson wanaitunza kwa pamoja, na wageni huruhusiwa kuitembelea. Wahenga wetu walisema, nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Aingiaye huko huona kazi ya mkono wa mume na ya mkono wa mke katika kila chumba.

Tungependa kusikia habari za hapa kwetu. Mwanachama ambaye yeye na mwenzake wameitengeneza nyumba yao ya zamani na atuandikie: walianza wapi, chokaa waliipata wapi, nini kilifaa na nini hakikufaa. Tunaomba barua iwe na majina yote mawili.