Mali Iliyomo Katika Ganda la Kamba

Tangu Juni 1, 2019 mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini Tanzania, lakini vyakula vingi dukani vingali vinafungwa kwa plastiki. Sehemu ya jibu imo katika maganda ya kamba unayoyatupa jikoni.

Maganda hayo huondolewa chokaa kwa asidi, na protini kwa kostiki soda. Hubaki kitini, ambayo ikichemshwa katika kostiki kali zaidi huwa kitosani. Hiyo huyeyushwa katika siki, ikachanganywa na wanga wa muhogo na kuanikwa, ukapatikana utando mwembamba uozao udongoni.

Ila utando huo hunyonya maji, na kostiki huunguza ngozi na macho. Hii ni kazi ya kiwanda. Wewe yakaushe maganda, yatwange, uyafukie bustanini: ni mbolea. Mali haitupwi jaani.