KADO YA MIKONO YAKO: SHUGULI KWA WASICHANA WETU

Mwisho wa mwaka wa masomo ukikaribia, ni saa ya kado. Huyu ana rafiki wa darasa la mwisho anayengojea mutihani wa Taifa, yule ana mama mudogo aliyemulipia minervali, mwingine anataka kumushukuru mwalimu wake. Na feza hakuna. Kutoka hapa Kapalata mpaka soko kuu, toleka ao moto inakula ile kidogo iliyokuwa mufukoni, na ukifika kule unakuta vitu vya plastiki vinavyovunjika mbele ya siku ya yenga. Tena kuko jambo lingine ambalo tunalijua wote na hatulisemi. Musichana mwingine, kwa haya ya kufika mikono mitupu, anaomba feza kwa mutu mukubwa ambaye si baba yake wala si ndugu yake. Feza ya namna ile ina deni ndani yake. Ndiyo sababu leo tunaandika juu ya vitu ambavyo musichana anaweza kufanya yeye mwenyewe (na mvulana pia, nani amemukataza?), kwa vifaa vinavyopatikana hapa hapa.

Mutu asiseme kwamba kazi ya mikono ni ya wale waliokosa kitu. Kule Kasai, kati ya Wakuba, wanaume wanafuma kitambaa cha rafia, kiisha wanawake wanakitia mapambo kwa sindano, nyuzi moja moja, na kuzikata kwa kisu kidogo mpaka kitambaa kinakuwa laini kama veluru. Kipande kimoja kinaweza kula miezi mingi. Leo vipande hivyo vinalindwa mu mizeo za Ulaya na Marekani. Karibu zaidi na sisi, mu pori ya Ituri, wanaume wa Wambuti wanapiga ganda la muti mpaka linalainika, na wanawake wanachora juu yake kwa vidole na vijiti. Rangi nyeusi wanaipata mu tunda la gardenia pamoja na makala. Hakuna anayewauliza kama walikosa feza ya kununua kitambaa!

Tuanze na kilicho rahisi, ni kusema vipande vya kitenge. Kila fundi wa kushona ana mufuko wa vipande chini ya mashini yake, na vingi anavitupa. Umusalimie vizuri, umuambie unavitaka kwa kazi gani, utaona atakupa. Sisi watu wa Kisangani hatuwezi kuzarau kitenge: muji huu una kiwanda chake cha vitambaa, Sotexki, na mama wengi wangali na vitambaa vyake ndani ya masanduku yao. Kwa kipande kidogo unafanya kialama cha kitabu ao kamba ya nywele. Kwa kipande kikubwa unafanya koti la Biblia, na hiyo ni kado ambayo mama yeyote wa kanisa ataionyesha majirani.

Namna yake ni hii. Fungua Biblia, uilaze juu ya kitambaa, upime majalada mawili pamoja na mugongo. Tuseme umepata 28 cm kwa 18. Kwa urefu uongeze 6 cm kila upande kwa mifuko ya ndani, 2 cm kwa mishono, na 1 cm ya kupumua: inakuwa 43. Kwa kimo uongeze 3 tu: inakuwa 21. Kunja ncha mbili fupi kidogo, uzishone. Halafu kunja 6 cm kila upande, sura nzuri ya kitambaa ikiwa ndani, ushone juu na chini, ugeuze. Pale katikati ukunje pindo na kulishona polepole. Wengi wanasahau ile sentimetre ya kupumua, na kiisha Biblia haifungiki.

Kazi ya pili ni shanga za karatasi. Hii tunaipenda kuliko zote kwa sababu inatoka mu takataka. Mu muji wa Kampala, kule Uganda, pale wanaita Acholi Quarters, wanawake waliokimbia vita ya kaskazini walikuwa wakipasua mawe kwa nyundo kutwa nzima kwa malipo madogo sana. Wamoja walijua kukunja shanga za karatasi, lakini hawakuwa na wanunuzi. Kutoka mwaka wa 2004 shirika moja linaloitwa BeadforLife lilianza kuuzisha shanga za wanawake wa Kampala kule Marekani, na wengi walipata njia ya kulipa masomo ya watoto. Karatasi ni ileile unayofungia karanga.

Tafuta gazeti la rangi ao kalenda ya mwaka uliopita. Karatasi ya kaye pia inafaa, lakini inatoa shanga nyeupe zenye mistari ya biki, na si kila mutu anapenda kuvaa hesabu zake shingoni. Kwa rula, chora pembetatu ndefu: chini 1.5 cm, urefu 28 cm. Ukizipanga moja juu moja chini, ukurasa mumoja unatoa zaidi ya 20. Kata. Sasa chukua kijiti cha ufagio, uanze kukunja kutoka upande mupana, ukikaza, na ncha ibaki katikati siku zote. Ikienda pembeni, fungua uanze tena. Mwisho utie gundi kidogo, ushike mpaka uhesabu 20, halafu utoe kijiti. Kama gundi ya duka hakuna, pika unga wa muhogo na maji mpaka uwe muzito. Unashika vizuri sana. Lakini mende wanaupenda kama sisi tunavyopenda sombe, kwa hiyo verni ni lazima: ya fundi wa mbao, ao ile ya makucha isiyo na rangi. Paka mara mbili. Kwa kufunga, uzi wa nailoni wa wavuvi ni mugumu kuliko uzi wa kushona, na hapa kwetu haukosekani. Mukono wa musichana unaomba shanga 11 hivi, na fundo.

Kazi ya tatu inaomba tuseme wazi. Wavulana watasoma pia, hakuna ubaya, wako na dada na mama.

Dada mukubwa anaweza kumupatia mudogo wake kado gani yenye kumusaidia kila mwezi? Tunasema: vitambaa vya siku za mwezi, vilivyoshonwa vizuri, ndani ya kamufuko kake. Wako wasichana wanaobaki nyumbani siku tatu ao ine kila mwezi kwa sababu hawana kitu cha kujifunga chenye kuwatulizia roho, na interogasio haiwangojei. Wengine wanakuja, lakini wanaikala nyuma na hawasimami wakiulizwa, mwalimu anafikiri ni uvivu. Kutoka mwaka wa 2014, tarehe 28 Mei imewekwa mu inchi nyingi kuwa siku ya kufikiri juu ya mambo haya. Walichagua 28 kwa sababu ya siku 28 za muzunguko, na mwezi wa tano kwa sababu ya siku tano hivi za damu. Muzunguko wa kila musichana una hesabu yake, kwa hiyo asiogope kama wake si 28.

Kwa kushona, unahitaji kitambaa laini cha pamba na esuimé ya zamani. Kitenge kipya chenye wanga hakinywi maji; ukifue kwanza mara mbili ao tatu, ao utumie kizee. Kata vipande viwili vya pamba vya 25 cm kwa 8, na kila kimoja kiwe na mabawa mawili katikati ya kukunja chini ya nguo ya ndani. Kata vipande vitatu vya esuimé, vidogo kuliko hivyo kwa 1 cm kila upande. Shona esuimé katikati ya pamba moja, ufunike na ya pili uso kwa uso, ushone pembeni ukiacha nafasi ya vidole viwili, ugeuze, ufunge nafasi ile. Tia kifungo kwa bawa moja na tundu kwa lingine; presio ya chuma ni nzuri zaidi. Plastiki usitie, inachoma ngozi na joto letu hili. Vitano ao sita vinatosha kwa mutu mumoja.

Pamoja na kado hii umuandikie karatasi ndogo ya kufua. Maji baridi kwanza, kwa sababu maji ya moto yanashikisha damu mu kitambaa. Kiisha sabuni, na kusuuza mpaka maji yanakuwa safi. Halafu jua. Wengi wanavificha chini ya kitanda kwa sababu ya haya, na pale havikauki, vinanuka na kuleta magonjwa. Kama anaogopa macho ya watu, avianike na kitambaa chepesi juu yake. Wakati wa mvua (na mvua ya Kisangani munaijua), pasi ya makala inamaliza kazi.

Kwa kufunga kado, usinunue karatasi ya dukani. Kipande cha kitenge chenye fundo juu kinatosha, na mupokeaji atakitumia tena.

Sasa, siku. Koti la Biblia linaomba masaa mawili kwa sindano ya mukono. Vitambaa vya mwezi, tuseme kimoja kila jioni kisha masomo. Shanga ndizo zinazodanganya watu: kukunja ni kwepesi, lakini verni inapashwa kukauka usiku muzima mbele ya kupaka mara ya pili, na usiku mwingine mbele ya kutunga. Anayeanza kesho kutwa ya proklamasio atatoa kado inayoshikamana na vidole.