Utangulizi: Mvua, Ukame na Kipindupindu Mpakani Tunduma

Uchunguzi wa mvua, ukame na kipindupindu huwakutanisha watabiri wa hali ya hewa, madaktari na wahandisi wa maji. Tuanzie Tunduma, mkoani Songwe, mji ulioungana na Nakonde ya Zambia, ambako malori yaliyopakia Bandari ya Dar es Salaam hupanga foleni kuvuka mpaka. Mvua huko ina msimu mmoja, takriban Novemba hadi Aprili, kisha kiangazi kirefu.

Hewa ikipata joto hubeba mvuke zaidi, kama asilimia 7 kwa kila nyuzi 1 ya Selsiasi, na mvua ikishuka hushuka kwa kishindo. Vyoo vya shimo hufurika, kinyesi kikaingia kwenye visima vya kina kifupi. Hapo wengi hudhani somo limekwisha. Lakini kiangazi kinapozidi, visima hukauka, kaya nyingi huteka chanzo kimoja, maji hununuliwa kwa dumu, na kitu cha kwanza kubaniwa ni kunawa mikono. Naamini ukame haujachunguzwa inavyostahili.

Kuhusu joto lenyewe, nenda taratibu. Rita Colwell wa Marekani alionyesha kuwa bakteria wa kipindupindu huishi hata nje ya mwili wa binadamu, katika maji ya pwani, wakiwa wamejishikiza kwenye viumbe wadogo sana. Zanzibar, utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulihusisha ongezeko la nyuzi 1 na wagonjwa kuongezeka maradufu miezi minne baadaye. Usiyabebe matokeo hayo ya visiwani ukayatua Tunduma, mji wa nyanda za juu ulio mbali na bahari. Huku fuatilia zaidi safari za watu.

Malawi, ng'ambo ya Mto Songwe, mlipuko ulioanza Machi 2022 uliua watu zaidi ya 1,700; Kimbunga Freddy kikaipiga nchi hiyo Machi 2023, ugonjwa ukiwa bado haujaisha. Zambia ikafuata Oktoba 2023, ikapoteza zaidi ya watu 700. Atakayechunguza Tunduma kwa takwimu za Tanzania pekee atakosa nusu ya habari.

Basi usianze na ramani za joto. Anza na umbali kati ya choo na kisima, bei ya dumu mwezi Oktoba, na mahali anapojisaidia dereva aliyekwama foleni kwa siku kadhaa. Kipimo cha mvua kitafuata katika sura ya pili.