CHAKULA CHA KILIMO HAI: NI WAKATI GANI INAFAA KULIPA ZAIDI?

Muuzaji anapotamka kwamba nyanya zake ni "za asili", au kwamba maharage yake "hayakutiwa dawa", aghalabu bei hupanda. Chama cha ushirika chenye duka, au kinachonunua chakula kwa niaba ya wanachama, hapana budi kiamue kama nyongeza hiyo ni halali. Kikikubali bila kupima, fedha za wanachama zaweza kununua neno tupu. Kikikataa kila mara, mkulima aliyejitahidi kulima kwa uangalifu hatakuwa na sababu ya kuendelea.

Swali hili si geni katika historia ya ushirika. Wafanyakazi wa Rochdale, Uingereza, walipofungua duka lao mwaka 1844, wafanyabiashara wengi wa zama zile walikuwa wakichanganya unga na vitu visivyofaa na kupunja vipimo. Duka la Rochdale lilipata sifa kwa sababu liliuza unga, siagi na sukari isiyoghushiwa, kwa kipimo cha haki. Basi kulinda usafi wa chakula cha mwanachama ni miongoni mwa kazi za kwanza kabisa za ushirika.

Maana ya kilimo hai

Kilimo hai ni kilimo kinachotunza rutuba kwa samadi, mboji na mzunguko wa mazao, bila mbolea za chumvichumvi wala viuatilifu vya viwandani. Hakimaanishi kwamba shamba halipuliziwi kitu chochote. Baadhi ya dawa zitokanazo na mimea, kama mwarobaini, zinaruhusiwa. Nchi za Afrika Mashariki zilipitisha kiwango cha pamoja cha mazao ya kilimo hai mwaka 2007, na alama yake ni Kilimohai. Neno "asili" linalotamkwa sokoni halina kiwango wala mkaguzi.

Faida kwa mlaji

Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walipitia tafiti zaidi ya 200. Hawakuona ushahidi wa nguvu kwamba chakula cha kilimo hai kina lishe bora kuliko kingine, ila waliona kina mabaki machache ya viuatilifu. Mwaka 2014 watafiti walioongozwa na Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, walipitia tafiti 343 za mazao. Wao waliona mazao ya kilimo hai yana kadmiamu kidogo zaidi, ambayo ni metali yenye sumu, na viambata fulani vya kinga kwa wingi zaidi. Kwa ufupi, faida iliyo wazi kwa mlaji ni kupungua kwa mabaki ya dawa. Hiyo ndiyo bidhaa inayolipiwa, na hiyo ndiyo ya kupimwa.

Vipimo vitatu

Kipimo cha kwanza: je, zao hilo kwa kawaida hupuliziwa dawa? Kama halipuliziwi, hakuna kilichoongezwa, na nyongeza ya bei haina msingi.

Kipimo cha pili: je, dai la muuzaji laweza kuthibitishwa? Jani lililotobolewa na wadudu si cheti. Uthibitisho ni alama inayotambulika, au shamba linalojulikana, lenye mkulima anayekubali kutembelewa na kuonyesha daftari lake la kazi.

Kipimo cha tatu: je, tofauti ya bei haitapunguza chakula mezani? Tuseme mama mwenye nyumba ana shilingi 2,000 za mboga. Fungu la kawaida likiuzwa shilingi 500, atapata mafungu manne. Lile la kilimo hai likiuzwa shilingi 1,000, atapata mawili tu. Kwa watoto wake, mafungu manne yaliyooshwa vizuri ni bora kuliko mawili yenye sifa. Hasara ya kukosa mboga ni kubwa kuliko hasara ya mabaki yaliyo katika mboga iliyolimwa kwa kufuata maelekezo.

Vyakula vya Kigoma katika mizani

Mawese. Michikichi ya wakulima wadogo wa mwambao wa Ziwa Tanganyika kwa sehemu kubwa hukua bila kupuliziwa dawa. Kulipa zaidi kwa ajili ya neno "asili" ni kulipia kitu ambacho mnunuzi tayari anacho. Katika mawese, kinachostahili bei ni usafi: chikichi zilizokamuliwa kabla hazijaoza, mafuta yasiyo na maji wala takataka, na chombo safi. Kituo cha utafiti cha TARI Kihinga kinazalisha miche bora ya michikichi, lakini hata mche bora hautaokoa mafuta yaliyokamuliwa ovyo.

Dagaa na migebuka. Samaki anayevuliwa ziwani hakulimwa wala hakufugwa. Kwa sababu hiyo sheria za Umoja wa Ulaya hazimhesabu kuwa zao la kilimo hai. Neno hilo halina nafasi Kibirizi wala Katonga. Lakini dagaa waliokaushwa juu ya vichanja wanastahili bei ya juu kuliko waliotandazwa mchangani, maana mchanga una uzito, na mnunuzi huulipia kwa bei ya dagaa.

Mboga na matunda. Hapa ndipo nyongeza huweza kuwa na haki. Nyanya, kabichi na pilipili hoho hushambuliwa sana na wadudu na magonjwa, na wakulima wengi huzipulizia mara kwa mara. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2007 kuhusu wakulima wadogo wa mboga kaskazini mwa Tanzania ulionyesha kuwa baadhi yao walichanganya viuatilifu mbalimbali katika pampu moja bila maelekezo mahususi. Hatari huongezeka mkulima anapochuma kabla siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye kibandiko hazijatimia. Kinyume chake, kisamvu na majani ya maboga ni nadra kupuliziwa, na ndizi, nanasi na parachichi huliwa baada ya kumenywa. Mwenye fedha kidogo aziweke kwenye nyanya kabla ya ndizi.

Kuosha kwa maji mengi na kuondoa majani ya nje ya kabichi hupunguza mabaki yaliyo juu. Lakini dawa zinazopenya ndani ya mmea hazitoki kwa kuoshwa. Kinga yake ni mkulima kusubiri.

Mahindi na maharage. Hapa dawa huingia ghalani zaidi kuliko shambani. Mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, ijulikanayo kama mifuko ya kinga njaa, huua wadudu kwa kuwakosesha hewa, bila dawa ya unga. Maharage yaliyohifadhiwa hivyo yanastahili nyongeza ndogo. Lakini ikumbukwe kwamba kilicho cha asili si lazima kiwe salama. Sumukuvu hutokana na ukungu, wala haitengenezwi kiwandani. Mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa njia ya mahindi. Mahindi yasiyokauka yakataliwe, hata kama hayajaona dawa kamwe.

Mkulima na ziwa

Anayekaribiana zaidi na kiuatilifu si mlaji, bali ni yule abebaye pampu mgongoni, mara nyingi bila glavu wala barakoa. Naye ni mwanachama. Tena kinachosombwa na mvua kutoka mashambani hufuata mito, ukiwamo Luiche, hadi ziwani. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita zipatazo 1,470, nalo lina mlango mmoja tu wa kutokea, Mto Lukuga upande wa Kongo. Maji yake hubadilika polepole mno, na kinachoingia humo hukaa. Kwa hiyo chama chaweza kuamua kulipa zaidi hata pale faida ya mlaji ni ndogo, ilimradi wanachama waelezwe kwamba wanalipia afya ya mwenzao na maji yao.

Hatua za kuchukua

Kwanza, bodi ipitishe orodha fupi ya vyakula vitakavyolipiwa nyongeza, pamoja na kikomo chake. Orodha hiyo isomwe katika mkutano mkuu.

Pili, palipo na wakulima walio tayari, chama kiunde kikundi cha ukaguzi wa wenyewe kwa wenyewe. Utaratibu huu, ambao wanakikundi hutembeleana mashambani na kuandika walichokiona, unatambulika chini ya alama ya Kilimohai kwa soko la ndani, na gharama yake ni ndogo kuliko ya mkaguzi wa kulipwa. Wauzao nje, kama wakulima wa kahawa, wajue kwamba soko la Ulaya hudai cheti cha mkaguzi huru, na kwa mazao ya kudumu shamba hupitia miaka mitatu ya mpito kabla ya kuvuna zao lenye cheti.

Tatu, kwa mazao yanayopuliziwa, katibu adai tarehe ya mwisho ya kupulizia, na ahakikishe kiuatilifu kimesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania. Mwenye mashaka amwulize bwana shamba.

Nne, nyongeza iliyolipwa iandikwe peke yake vitabuni, ili mwisho wa mwaka wanachama waone walitumia nini na walipata nini.

Wahenga walisema: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Chama kinachouliza maswali matatu kabla ya kufungua mkoba kitamlipa haki yake mkulima mwaminifu, na kitamnyima soko mwenye kuuza neno.