Mzee anapoogopa kusimama: kizunguzungu, kuanguka na woga unaobaki

Huenda nyumbani kwenu yupo. Mama au babu alipata kizunguzungu, akaanguka njiani kwenda chooni, akainuliwa. Hakuvunjika popote. Lakini tangu siku hiyo hatoki nje. Familia nyingi, iwe Kihanga, Nkwenda au Murongo, huhangaika na dawa ya kizunguzungu tu. Huko kutotoka nje nako kuna hatari yake, maana mara nyingi ndiko kunakomwangusha mzee mara ya pili.

Woga wa kuanguka si kudeka. Aliyewahi kuona dunia ikizunguka ana sababu ya kuogopa. Shida ni kile ambacho woga unamfanyia. Anaacha kwenda kibanja, anaacha kanisa au msikiti, anaacha hata kumtembelea jirani. Misuli ya mapaja isiyofanya kazi hulegea ndani ya wiki chache, na mwili unapoteza mazoea ya kushika usawa. Usiku mmoja analazimika kuinuka, miguu haimbebi, anaanguka tena, na woga unazidi.

Sisi watoto na wajukuu tunachangia. "Bibi, kaa hapo hapo, usije ukaanguka." Tunasema kwa upendo, tunampelekea chakula, maji na hata jua tunamtafutia pale mlangoni. Kwa maoni yangu, huko ni kumfunga mtu bila kamba. Kuanguka ni jambo zito kweli: Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 684,000 hufa kila mwaka duniani kwa sababu ya kuanguka, na wazee wa miaka 60 na zaidi ndio wanaoongoza. Lakini kukaa hakumkingi.

Kwanza itafutwe sababu. Kizunguzungu ni dalili, na si lazima kiwe "uzee" wala mkono wa mtu. Sababu moja ya kawaida ni presha kushuka mzee anaposimama. Damu hubaki miguuni, ubongo unakosa ya kutosha kwa muda mfupi, macho yanaingia giza. Presha hii haionekani akipimwa amekaa tu. Mwombeni mhudumu ampime akiwa amelala au amekaa, kisha ampime tena ndani ya dakika 3 za kusimama. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, jibu limeanza kupatikana.

Kinachoishusha kinaweza kuwa dawa za presha zenyewe, hasa zile zinazomfanya mtu akojoe sana. Inaweza kuwa kutokunywa maji ya kutosha, kwa sababu wazee wengi hujinyima maji wasiende chooni usiku. Kuharisha, upungufu wa damu na malaria navyo vimo, na rubisi pia, tusifichane. Pelekeni vidonge vyote anavyotumia vikaonekane, pamoja na vya dukani. Asiache dawa ya presha kwa uamuzi wake, maana presha ikipanda inaweza kuleta kiharusi.

Kuna kizunguzungu kingine kinachotoka sikioni. Mzee akigeuka kitandani au akitazama juu, nyumba inazunguka kwa muda usiofika dakika moja, kisha inatulia. Hicho mara nyingi hutibika bila kidonge chochote: mtaalamu anamgeuza kichwa kwa mpangilio maalumu.

Msisubiri kesho kama amezimia ghafla bila dalili ya kutangulia, amezimia akiwa amekaa au akipanda mlima, ana maumivu ya kifua, mdomo umepinda, mkono umelegea au amegonga kichwa. Anayetumia dawa za kisukari akitetemeka na kutoka jasho, apewe kitu chenye sukari kama anaweza kumeza, kisha apelekwe. Aliyepoteza fahamu msimmiminie chochote mdomoni.

Nyumbani, mfundisheni kuamka kwa hatua: akae ukingoni mwa kitanda, achezeshe vifundo vya miguu, ahesabu hadi thelathini, ndipo asimame akiwa ameshika kitu. Tochi iwe karibu na mto. Usiku ndoo yenye mfuniko chumbani ni salama kuliko choo cha nje, hasa masika udongo wetu ukiteleza. Kamba au mti wa kushikia kando ya njia ya chooni ni kazi ya nusu siku. Fimbo iwe na urefu unaofika kwenye kifundo cha mkono akiwa amesimama wima. Ndala zilizolika zitupwe.

Halafu atembee, na hapa ndipo woga unapungua. Aanze kwa kuinuka kitini na kukaa tena mara tano, mtu akiwa karibu bila kumshika. Baada ya siku kadhaa afike kwenye mgomba wa kwanza, kisha wa pili. Tafiti za nchi mbalimbali zimeonyesha kwamba mazoezi ya miguu na usawa hupunguza kuanguka kwa karibu robo.

Kuhusu gharama, Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilimtambua mzee kuanzia miaka 60, na ilitaka wasio na uwezo watibiwe bure katika vituo vya serikali. Anzeni na zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Ikibidi mtaandikiwa rufaa. Ofisi ya kijiji ndiyo pa kuulizia kitambulisho cha mzee, na anaweza kuwatuma nyinyi mkaulize kwa niaba yake.