Muuguzi anapojua la kufanya lakini hawezi

Hapa Katindo, mtaa wenye hospitali ya kijeshi, tunasali pamoja na wauguzi na madaktari wengi. Tangu vita iingie Goma mwishoni mwa Januari 2025, wengine wao hawalali vizuri, na si kwa sababu ya kazi nyingi peke yake.

Mwaka 1984, Andrew Jameton, mwanafalsafa Mmarekani aliyeandika juu ya maadili ya uuguzi, alilieleza jambo hili. Sisi tuliite dhiki ya dhamiri: mtu anajua lililo sawa, lakini kuna kitu kinamzuia kulitenda. Si uchovu, kwa maana aliyechoka akipumzika hupata nguvu. Wala si mashaka ya mtu asiyejua njia.

Siku zile hospitali ya CBCA Ndosho ilipokea majeruhi kupita vitanda vyake, wengine wakalala chini. Ghala la dawa la Msalaba Mwekundu liliporwa. Daktari alipaswa kuchagua nani atangulie kupasuliwa. Hilo hufundishwa shuleni, ndiyo, lakini masomo hayafuti uso wa yule aliyeachwa akingoja.

Kisha ukaja usiku wa 28 Februari kuamkia 1 Machi. Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilisema wapiganaji wa M23 walichukua wagonjwa 116 Ndosho na 15 Heal Africa. Muuguzi wa zamu afanye nini mbele ya bunduki?

Sisi wa kanisa tumekosea hapa. Tumewaambia waombe zaidi, watubu, kana kwamba walitenda dhambi. Nao tayari wanajihukumu. Tunapenda kuwahubiri Shifra na Pua, wakunga waliomkwepa Farao. Lakini wale walipata mlango wa kutokea. Wengi wa ndugu zetu hawakuupata, na mahubiri hayo yanaweza kuwachoma.

Kinachosaidia ni kidogo, lakini kipo. Uamuzi wa nani atangulie usibebwe na mtu mmoja. Wauchukue wawili au watatu, na uandikwe. Mkuu wa hospitali aseme wazi mbele ya wote kwamba kizuizi kilitoka nje. Wa zamu moja waketi pamoja, wasimuliane yaliyotokea, hata kwa machozi. Nasi tuwape chumba, chai, na saa moja bila mahubiri.